Karatasi Iliyorudi Kutoka Misheni

Jumapili ile simu yangu ilizunguka sebule nzima ya Lillian, mkono hadi mkono, nami nilikaa ukingoni mwa kochi nikiifuata kwa macho. Joachim, mwenyekiti wetu wa jumuiya, alinitania kwamba tangu nirudi kutoka Amerika nimekuwa mtu wa kulinda mali. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Walidhani naogopa itaanguka. Nilichoogopa ni mtu kuvua kava.

Lilikuwa kava jeusi, la kawaida, la kununuliwa Deira, hapa Dubai. Ndani yake, mgongoni mwa simu, kulikuwa na karatasi ya njano iliyokunjwa mara nne na kubanwa kwa pini mbili za stepla. Ilikuwa karatasi ya Everlyn. Na Everlyn alikuwa amekaa mkabala nami, sahani ya mandazi magotini, akisubiri zamu yake ya kuona picha za misheni.

Nianze na desturi yetu, maana bila hiyo nisingekuwa na karatasi ya mtu. Jumuiya yetu ni watu kumi na wawili hivi, Watanzania na Wakenya, wayaya, walinzi, watu wa saluni na wa stoo, na Jumapili baada ya misa tunakutana hapa Al Mankhool kwa sababu Lillian ana sebule. Mtu akisafiri, tunampa nia zetu. Kila mmoja anaandika ombi lake kwenye kikaratasi, anakikunja, tunavitia vyote kwenye bahasha, na msafiri anaviacha katika kanisa la kwanza atakaloingia huko aendako. Haruhusiwi kufungua hata kimoja. Akirudi anatuletea picha, kwa kuwa Joachim alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuja kupanga maboksi Dubai, na hadi leo hakubali jibu lisiloonyesha njia.

Madam ninayemlelea watoto aliposema kwamba kiangazi hiki nitakwenda nao California, kwa kaka wa mumewe, sir, na kwamba binamu wa watoto ana kazi ya shule kuhusu misheni za Wahispania za zaidi ya miaka mia mbili, jumuiya ilichangamka kuliko mimi. Sisi ni watoto wa misheni. Mimi nimekulia Karagwe, ambako bibi yangu alifua kanzu za mapadri mpaka vidole vikakunjika. Joachim alisomeshwa na mapadri hao hao. Everlyn alizaliwa hospitali ya misheni upande wa Kakamega, na shuka lake la kwanza lilikuwa la masista. Kwetu sisi neno misheni lina harufu ya uji na spiriti. Hakuna aliyefikiria kwamba mahali pengine lingeweza kunuka kitu kingine.

Siku ya kujaza bahasha, Everlyn alichelewa kutoka saluni. Vikaratasi vyeupe alivyokata Joachim kwa rula vilikuwa vimekwisha, basi akachana nakala ya njano kwenye kitabu chake cha risiti, akaandika akiwa amegeukia ukuta, akaibana kwa stepla ya mkobani. Mlangoni akanishika mkono.

"Paska, mimi nimeomba kuhusu mtu aliyemchongea Ivy," akasema. "Nataka Mungu anionyeshe. Nimempa mpaka urudi. Akinyamaza, namwambia Japhet khalas, uchumba umekwisha, na hao wazee wake wasijisumbue kuja kwetu."

Nikamwambia itafika.

Mtu aliyemchongea Ivy ni mimi.

Ivy ni mdogo wake Everlyn. Tulikuwa wawili katika nyumba ya madam huko Al Twar, mimi kwa watoto, yeye jikoni na usafi. Sitasema madam ni mkatili, maana si kweli, na mtu mwenye kosa kama langu hana haki ya kuongeza chumvi. Ila madam alikuwa akitunza simu ya Ivy kwenye droo yake na kumpa saa moja jioni, kwa sababu Ivy ni kijana, alisema, na vijana hupotea kwenye simu. Paspoti zetu zilikaa na sir. Geti la nje lilikuwa na namba ya siri ambayo mimi niliijua na Ivy hakuijua. Mwezi wa pili mwaka huu, gari la taka lilipokuja asubuhi na geti likaachwa wazi, Ivy alitoka na mfuko wa taka mkononi. Mfuko tuliukuta kando ya ukuta. Ivy hatukumkuta.

Aliyempokea ni Japhet, mchumba wa Everlyn, mlinzi wa jengo moja huko Deira. Alimtafutia kitanda katika chumba cha wanawake wanane, kila kitanda na pazia lake. Waliojua ni Everlyn na Japhet, na siku ya tatu nikajua na mimi, kwa sababu Ivy aliazima simu akanitumia sauti: Da Paska, nimeacha sweta langu na rozari, humu ndani hiyo AC inaniua. Ijumaa nikampelekea. Tukala sambusa juu ya kitanda chake, nyuma ya pazia la maua ya zambarau, akanionyesha jinsi anavyolala amejikunja ili miguu isimguse jirani. Alikuwa na furaha. Nataka hilo liandikwe pamoja na mengine.

Kwa wiki tatu nilifanya kazi ya watu wawili. Nilipika, nikapiga pasi, nikaogesha watoto, nikalala nimevaa nguo za jikoni. Halafu siku moja mchana madam aliingia jikoni akavuta kigoda akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaanza kumenya vitunguu saumu pamoja nami. Akasema, Paskazia, wewe ni mtu mzima, wewe ni kama dada yangu. Naogopa mtoto wa watu atapata shida huko nje. Unajua alipo?

Nikamwambia. Nilimtajia jengo, nikamtajia ghorofa, nikamtajia hata pazia la maua ya zambarau, ambalo hakuna aliyeniuliza.

Kesho yake sir, ambaye ndiye kafeel wetu, mdhamini wa visa zetu, alikwenda na mtu wa wakala wa ajira. Baada ya siku nne Ivy alipandishwa ndege, akiwa na sweta lile lile. Nilikwenda na Everlyn uwanja wa ndege tukalia hadi watu wakatupisha. Machozi yangu yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Mwezi wa nne madam akaniambia kwamba nafasi ya Amerika iliyokuwa ya Ivy, kwa kuwa Kiingereza chake ni kizuri, sasa ni yangu.

Bila shaka walitafuta mchawi. Nani alijua? Everlyn, Japhet na Paskazia. Ivy mwenyewe alisema kwa simu kutoka nyumbani, "Da Paska hawezi. Yeye ndiye aliniletea sweta." Basi akabaki Japhet. Na Japhet, maskini, jioni moja kabla sir hajafika, alikuwa amemwambia Ivy kwamba msimamizi wake ameanza kuuliza maswali, atafute mahali pengine. Kila kitu kikamkaa kama suti ya kushonewa. Alikuwa mpiga ngoma wa kwaya yetu. Watu hawakumfukuza, walikuwa tu wananyamaza akiingia, hadi akaanza kusali misa ya alfajiri peke yake. Lillian alisema wanaume waoga ndivyo walivyo. Nami niliitikia kwa kichwa. Nakumbuka hata shingo yangu ilivyofanya.

Basi hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa kwenye kava, na hao ndio watu waliokuwa wakipokezana simu yangu.

"Tueleze basi, usituache tunatazama kuta tu," Joachim akasema.

Nikawatembeza. Nina kipaji hicho, tangu zamani naweza kusimulia safari hadi aliyebaki nyumbani avue viatu. Nikaanza na ukuta wa kengele, mweupe, na matundu matatu ya upinde, kila tundu na kengele yake, na anga la bluu likionekana nyuma yake. Nikawapitisha kwenye baraza ndefu yenye matao, vigae vyekundu juu, kivuli chini, na joto la huko ambalo ni kavu na la adabu, si kama hili letu la Dubai linalokuvaa mwilini. Nikawaambia kuta zile ni udongo na majani makavu, matofali ya kukaushwa juani, unene wa mkono mzima, na ukiweka shavu unahisi ubaridi wa mtungi. Nikawaonyesha karo la mawe la kufulia, refu, maji yakiingilia mdomo wa sanamu ya simba. Hapo nilisimama, kwa sababu nilimwona bibi yangu.

"Nani alikuwa akifua?" Lillian akauliza.

"Wenyeji," nikasema. "Wanawake wa pale."

Nikawaonyesha kigae kimoja cha sakafu chenye nyayo za mbwa. Zamani kikiwa kibichi mbwa alikikanyaga, nacho kikachomwa hivyo hivyo, na hadi leo nyayo zipo. Watu walikipenda kile kigae kuliko altare. Nikawaonyesha bustani: mizeituni, mipungate iliyozidi kimo cha mtu, mawaridi. Na katikati ya mawaridi, mimi, nimevaa kofia ya madam, nimeshika kiuno. Wakapiga vigelegele. Zilikuwa picha tisa za mimi na mawaridi. Nilizipiga kabla ya kujua.

"Na hao wenyeji," Joachim akauliza, akipangusa miwani, "waliishi vizuri na mapadri?"

"Vizuri," nikasema. "Walifundishwa ufundi."

Sikudanganya kuhusu ufundi.

Aliyetutembeza kule alikuwa mama mzee wa wenyeji wale wale, babu zake walibatizwa pale. Alikuwa na kofia ya majani na funguo nyingi kiunoni, na alisema kwa sauti ya mtu aliyesema hayo kila siku na bado hajazoea. Alitufungulia chumba kirefu, dirisha moja dogo juu karibu na dari. Hapa, akasema, walilala mabinti na wajane. Mlango ulifungwa kwa nje kila jioni, na ufunguo alipelekewa padri. Nikalitazama tundu la ufunguo. Watoto wa madam walikuwa wakishindana nani atafika dirishani.

Kisha akatupeleka makaburini. Palikuwa na misalaba michache ya mbao, ishirini haifiki, na nyasi. Akasema chini ya nyasi zile kuna maelfu. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine kwa kazi. Binamu wa watoto, yule msichana mwenye kazi ya shule, akauliza kwa nini basi hawakuondoka.

"Wengi waliondoka," yule mama akasema. "Lakini ukishabatizwa hukuruhusiwa kurudi kwenu bila ruhusa. Aliyetoroka alifuatwa na askari. Askari walikuwa wageni, hawakujua mabonde ya huku. Kwa hiyo walimchukua mtu wa misheni, mwenyeji kama yule aliyetoroka, awaongoze. Mtu anayejua wenzake hujificha wapi."

"Kwa nini alikubali?" msichana akauliza, kalamu mkononi.

"Sijui. Majina yao hayakuandikwa. Labda aliogopa. Labda alipigwa. Labda mtoto wake alikuwa ndani."

Nilisimama na mkono wa mtoto mdogo wa madam mkononi mwangu, nikasubiri afike kwenye sababu yangu. Hakufika. Alifunga kijigeti cha makaburi, akatupeleka kanisani.

Kanisani, miguuni pa Bikira Maria, kulikuwa na kapu la nia. Sehemu ile nilikuwa peke yangu. Madam na sir walikuwa dukani wakinunua kengele ndogo za udongo. Nikafungua bahasha. Vikaratasi vyeupe kumi, na ya njano moja. Nikavimwaga vyeupe. Ya njano ikabaki mkononi. Ningependa kusema mkono ulifanya wenyewe, lakini hapana, huo ungekuwa uongo mwingine. Niliamua. Nilifikiri hivi, kwa maneno haya haya: hapa Mungu anaweza kusikia kweli. Nikaogopa kuiacha karatasi ile mahali ambapo ingesikiwa.

Nje madam akaita, "Yalla, Paskazia." Nikapiga picha ya kapu, nikafungua kava la simu, nikaisokomeza humo karatasi. Nikasema nitaitupa hotelini. Hotelini sikuweza. Hapa Dubai niliisogeza mara mbili kwenye moto wa jiko la madam, na mara zote mbili nilizima gesi. Niliona mtu anaweza kumchongea mwenzake akalala, lakini kuchoma sala ya mtu ni jambo jingine. Ndivyo akili inavyojipangia dhambi zake, kubwa inaiita ndogo.

"Sasa kapu," Everlyn akasema. "Nileteeni hiyo simu."

Akaipokea kwa mikono miwili. Alipangusa vidole kwanza, kwa heshima. Akaitafuta picha, akaikuza, akaanza kulipitia kapu lile kama anayetafuta jina kwenye matokeo ya mtihani. Dole gumba lilikuwa kwenye kioo, na vidole vingine vinne vilikuwa nyuma, juu ya kava, juu ya karatasi yake mwenyewe. Ana tabia hiyo, akifikiri vidole vyake havitulii. Kidole cha mwisho kilikuwa kikibenua kona ya kava, kinaachia, kinabenua, kinaachia.

"Yangu siioni."

"Itakuwa chini," nikasema. "Nilianza na yako."

Lillian alinimiminia chai, nikaishika tu.

"Ya njano ingeonekana," Everlyn akasema polepole, bila kushuku chochote, akikuza zaidi. "Hapa kuna nyeupe, nyeupe, hii ni ua." Kisha simu yake ikalia mkobani. Akaitazama, akaniwekea yangu mapajani. "Ni Japhet. Ameshafika chini. Nilimwambia saa kumi na moja nitampa jibu lake."

Joachim alirudisha miwani usoni.

"Nilimpa Mungu mpaka leo," akasema, akitafuta pa kuweka sahani. "Hajasema kitu. Haidhuru. Pia kunyamaza ni kujibu."

Akatoka. Nikamsikia mlangoni akivaa viatu, akigonga kisigino sakafuni ili kiingie. Hakuna aliyemfuata, kwa sababu hilo lilikuwa jambo lake na Japhet. Mimi nilijua si lao. Nikainuka, nikapita katikati ya magoti ya watu, nikatoka bila viatu.

Alikuwa mbele ya lifti, kidole kwenye kitufe.

"Everlyn, ngoja."

"Usinizuie, Paska. Nikingoja nitalia, na sitaki anione nimelia."

Nikavua kava. Kucha ziliteleza mara mbili. Karatasi ilikuwa imejikunja kufuata umbo la simu na kuchakaa kwenye kona. Nikamnyoshea, yeye akaipokea bila kuelewa, kisha akaziona pini zake mbili.

Nilitegemea kofi. Akatabasamu.

"Ulisahau," akasema. "Aki Paska. Uliiweka hapa isipotee, halafu ukaisahau. Ndiyo maana leo ulikuwa unaangalia simu hivyo." Akanigusa bega. "Usijali, haki ya Mungu. Kulea watoto wa wenyewe safari nzima, nani hangesahau? Labda hilo ndilo jibu lenyewe. Haikufika."

Nataka kusema ukweli kuhusu dakika ile. Niliitamani ile njia aliyonifungulia. Nilikuwa tayari nimevuta pumzi ya kusema ndiyo, nisamehe, nilisahau. Angenikumbatia. Angeshuka chini, angemwambia Japhet khalas, na mimi ningerudi kwenye mandazi. Lifti ikafika, mlango ukafunguka, ndani hapakuwa na mtu. Akaweka mguu.

"Sikusahau," nikasema. "Niliitoa."

"Uliitoa wapi?"

"Kwenye bahasha, mbele ya kapu. Za wengine nikaziacha, yako nikaitoa. Uliomba uonyeshwe aliyemchongea Ivy. Ni mimi, Everlyn. Si Japhet. Japhet hakusema neno."

Mlango wa lifti ukamgonga bega, ukafunguka tena. Akarudi nyuma. Lifti ikafunga, ikaondoka bila mtu.

"Walikupiga?" akauliza.

"Hapana."

"Walikutisha? Visa?"

"Hapana."

"Walikuahidi Amerika."

"Hapana. Amerika ilikuja baadaye."

"Sasa nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo, karibu ya kubembeleza, kana kwamba ananisaidia kutafuta.

"Nilikuwa nimechoka," nikasema. "Na madam aliniuliza vizuri."

Mlango wa jirani ulikuwa wazi, mtu akikaanga vitunguu, redio ikisema Kihindi.

"Ulimpelekea sweta," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaketi na yeye kwa kitanda."

"Ndiyo."

"Kisha ukaenda ukamwambia."

"Ndiyo."

Hakulia wala hakupaza sauti. Akazifungua zile pini kwa ukucha, moja, kisha ya pili, akainyosha karatasi ukutani kwa kiganja, akanigeuzia niisome. Juu kulikuwa na namba ya simu ya saluni. Chini yake, kwa mwandiko wa kubana, maneno mawili: Asiwe Japhet.

"Hapo mlangoni nilikudanganya," akasema. "Niliona haya kusema. Sikuomba kujua ni nani. Niliomba tu asiwe yeye."

Ningeweza kupiga magoti pale. Sikupiga, kwa kuwa ingekuwa tamthilia ya kumfanya yeye aniinue. Nikabaki nimesimama na miguu mitupu juu ya vigae vya baridi, nikiwa na aibu hadi kwenye meno.

"Huko ndani utawaambia wewe," akasema. "Joachim, Lillian, wote walionyamaza kijana wa watu akiingia. Leo, kabla hawajasali sala ya kufunga. Lakini kwanza Ivy. Mimi sitamwambia. Si mimi niliyekula naye sambusa."

Hakungoja lifti. Akashuka kwa ngazi, na ni ghorofa ya nne.

Mwisho wa korido kuna dirisha dogo linalotazama barabara. Nikaenda hapo. Japhet alikuwa chini, mbele ya duka la mboga, bado na sare, kofia mkononi, amesimama wima kama walivyofundishwa kusimama zamu. Nilimwona Everlyn akitokea. Hakumkumbatia. Alisimama mbele yake akasema maneno machache, kisha akampa ile karatasi ya njano. Japhet akaisoma. Akaisoma tena. Halafu akakaa kwenye kreti la soda lililokuwa nje ya duka, akajifunika uso kwa kofia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Miezi saba alikuwa amebeba kitu changu. Niligeuza uso, kisha nikajilazimisha kutazama tena, kwa sababu kugeuza uso ndiyo kazi niliyoifanya miezi yote saba.

Nikampigia Ivy pale pale dirishani, simu haina kava. Ililia mara tatu. Nilisikia kuku kwanza, kisha sauti yake.

"Da Paska. Nilijua tu utapiga. Leo umewaonyesha picha, sivyo? Everlyn aliniambia. Mimi nimengoja tangu Agosti, na wewe unatuma kwa status picha za mawaridi tu." Alikuwa akicheka. "Haya, nionyeshe misheni yangu. Si hiyo safari ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa yako," nikasema.

"Basi yalla, nitembeze."

"Nitakutembeza, Ivy. Lakini tafuta mahali ukae. Kuna sehemu ambayo sikuipiga picha, na nataka nianze na hiyo."

Nikasikia akivuta kiti.